Sauti ya Raia na Njia Yake ya Kufika Dodoma

Demokrasia, kwa maana yake ya kawaida, ni utaratibu wa utawala ambao ndani yake wenye mamlaka hupewa dhamana na wananchi na hulazimika kuwajibika kwao. Na ushiriki wa raia ni ile sehemu ya utaratibu huo inayoendelea kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, wananchi wanapohoji, wanapolalamika, wanapokagua mapato na matumizi ya serikali yao, au wanapoandamana. Intaneti imeigusa sehemu hii ya pili kwa kina zaidi kuliko ilivyougusa upigaji kura wenyewe. Kwa Tanzania, mahali pazuri pa kuitazamia athari hiyo ni Dodoma, kwa kuwa hapo ndipo Bunge linapokaa na sheria za mtandao zinapotungwa, na nje ya jiji, katika mkoa huohuo, ndipo vilipo vijiji vya Bahi, Chemba na Chamwino ambako wakulima wa mtama na zabibu bado hufanya maamuzi yao ya pamoja kwa kukutana ana kwa ana.

Njia ya kale ya sauti ya raia katika uwanda huu wa kati ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inautambua mkutano huo kuwa chombo cha juu cha kijiji, unaohusisha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unaopaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mijini kuna mkutano mkuu wa mtaa. Juu ya vyombo hivyo yapo mabaraza ya madiwani, na juu kabisa lipo Bunge, ambalo kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida alilifuatilia kwa redio na baadaye kwa televisheni. Bunge Maalum la Katiba lilipoketi Dodoma mwaka 2014 kujadili rasimu iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba, mijadala yake ilirushwa moja kwa moja, na Watanzania wengi walijifunza msamiati wa kikatiba wakiwa wamekaa mbele ya runinga za majirani.

Mwezi Januari 2016 mlango huo ulifungwa kwa sehemu kubwa. Serikali, kupitia aliyekuwa Waziri wa Habari, Nape Nnauye, ililitangazia Bunge kwamba shirika la utangazaji la taifa, TBC, lingeacha kurusha vikao vyote moja kwa moja kwa sababu ya gharama, na kwamba wananchi wangepata muhtasari uliorekodiwa. Wabunge wa upinzani walipinga, ukumbi ukachafuka, na polisi wakaingia ndani ya Bunge. Katikati ya mwaka huohuo mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa nayo ilizuiwa, na zuio hilo halikuondolewa hadi Januari 2023. Anayetaka kujua kwa nini siasa za Tanzania zilihamia kwenye simu katika kipindi hicho hana haja ya kutafuta maelezo ya kiteknolojia peke yake: jukwaa la mbao lilipoondolewa, lililobaki lilikuwa la kioo.

Teknolojia ilikuwa tayari imefika. Nyaya za baharini za mawasiliano zilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2009, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambazwa kuelekea mikoani, bei za simujanja zikashuka, na bando la siku likawa bidhaa ya dukani kama sukari. Mijadala ya wazi ilikuwa ikifanyika tangu mwaka 2006 katika Jamii Forums, jukwaa lililoanzishwa na Maxence Melo na Mike Mushi, ambako mtu aliweza kuandika bila kutaja jina lake halisi. Kutojulikana huko kuna pande mbili. Mtumishi wa halmashauri anayeona fedha za zahanati zikiliwa anaweza kusema bila kupoteza kazi, lakini mzushi naye anaweza kumchafua mtu asiye na hatia kisha akatoweka. Serikali iliutazama zaidi upande huu wa pili. Desemba 2016 Melo alikamatwa na kushtakiwa, miongoni mwa mengine, kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wa jukwaa hilo.

Shtaka hilo lilitokana na Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa na Bunge mjini Dodoma mwezi Aprili 2015 na kuanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, chini ya miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu. Mambo mengi yaliyomo hayana ubishi, kwa kuwa wizi wa fedha kwa njia ya simu na unyanyasaji wa watoto mtandaoni ni uhalifu popote duniani. Ubishi uko katika kifungu cha 16, kinachofanya uchapishaji wa taarifa za uongo kuwa kosa la jinai. Mwaka 2018 zikafuata Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizowataka wamiliki wa blogu na televisheni za mtandaoni kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi milioni moja za leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Kwa kijana wa Kondoa aliyetaka kuandika habari za mnada wa ng'ombe na barabara mbovu za kata yake, kiasi hicho kilikuwa sawa na kuambiwa anyamaze. Marekebisho ya miaka iliyofuata yamepunguza mzigo huo, lakini msimamo wa msingi, kwamba kusema hadharani mtandaoni ni shughuli ya kuombewa kibali, haujaondoka.

Matukio mawili yaliyofungamana na Dodoma yanaonyesha uwezo wa intaneti na ukomo wake kuliko nadharia yoyote. La kwanza ni la tarehe 26 Aprili 2018, Siku ya Muungano. Kwa miezi kadhaa kabla yake, Mange Kimambi, Mtanzania anayeishi Marekani na mwenye wafuasi zaidi ya milioni moja katika Instagram wakati huo, aliwahimiza wananchi kuandamana siku hiyo nchi nzima. Viongozi wa serikali na wa polisi walitoa maonyo makali, Dodoma ikiwemo, na askari wakamwagwa mitaani. Siku ilipofika, barabara zilikuwa tulivu na watu wachache tu walikamatwa jijini Dar es Salaam. Katika Uwanja wa Jamhuri mjini Dodoma sherehe za Muungano ziliendelea kama zilivyopangwa, na hapo ndipo Rais John Magufuli alipotangaza kuipandisha Dodoma hadhi kuwa jiji.

Wapo waliohitimisha kwamba wafuasi wa mtandaoni ni hewa tupu. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Kumfuata mtu Instagram hakugharimu kitu, ilhali kutoka barabarani mbele ya bunduki hugharimu kila kitu. Aliyebonyeza alama ya kupenda hakuahidi kwamba angetoka. Mwanasosholojia Zeynep Tufekci, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu maandamano ya zama za mtandao, anaeleza kwamba urahisi wa kukusanya watu kwa simu unawanyima wanaharakati kile ambacho ugumu wa zamani ulikijenga: kamati, viongozi wanaoaminiana, na uzoefu wa kuamua pamoja. Mwaka 2018 Tanzania ilikuwa na sauti iliyovuma kutoka ng'ambo, na chini yake hapakuwa na kamati hata moja ya mtaa.

Tukio la pili ni la mwaka 2023 na halikuhitaji umati. Mwanzoni mwa Juni nakala ya makubaliano ya kiserikali kati ya Tanzania na Dubai kuhusu uendeshaji wa bandari, ambayo kampuni ya DP World ingehusika nayo, ilianza kusambaa katika simu. Bunge liliyaridhia makubaliano hayo tarehe 10 Juni, baada ya wananchi kualikwa kufika Dodoma kutoa maoni kwa taarifa ya muda mfupi sana, jambo ambalo kwa mkazi wa Kigoma au Mtwara lilikuwa sawa na kutoalikwa. Hata hivyo hati ilikuwa imeshafika mikononi mwa watu. Wanasheria waliichambua ibara kwa ibara katika mijadala ya sauti ya mtandao wa X, makundi ya WhatsApp yakaibeba, maaskofu wa Kanisa Katoliki wakatoa waraka, na kesi ikafunguliwa Mahakama Kuu kanda ya Mbeya. Kesi hiyo ilishindwa mwezi Agosti, na baadhi ya wakosoaji wakakamatwa. Lakini hoja iliyokuwa imekaa midomoni mwa wengi ilikuwa kwamba makubaliano hayakuwa na ukomo wa muda, na mikataba ya utekelezaji iliposainiwa Ikulu ya Chamwino tarehe 22 Oktoba ilikuwa na ukomo: miaka 30. Haiwezekani kuthibitisha kwamba kelele za mtandaoni ndizo zilizoandika namba hiyo. Ila ni vigumu pia kuamini kwamba hazikusikika Chamwino.

Tofauti kati ya matukio hayo mawili ni kwamba la kwanza liliwaita watu, na la pili liliwapa kitu cha kusoma. Mfano wa Kenya unaliunga mkono wazo hili, ingawa huko mambo yaliishia barabarani. Mwezi Juni 2024, kabla vijana hawajaingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi tarehe 25, walikuwa wamekwisha kuusoma Muswada wa Fedha, kuufafanua katika video fupi za TikTok kwa lugha mbalimbali, na kusambaza namba za simu za wabunge wao. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano hayo, na tarehe 26 Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini muswada. Umati ulikuwepo, lakini ulikuwa umati uliokuwa na nakala ya sheria mfukoni.

Kwa wakazi wa uwanda wa kati swali la kwanza ni la kawaida zaidi: nani ana mtandao? Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu Mkoa wa Dodoma kuwa na watu 3,085,625, na wengi wao huishi vijijini. Huko kitochi, ile simu ya vitufe inayokaa na chaji siku kadhaa, bado kina heshima yake. Simujanja ya nyumba mara nyingi hushikwa na baba au kijana wa kiume, na bando hununuliwa likihitajika. Mwezi Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini jijini Dodoma mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, hatua kubwa kwa maeneo ambako mtu hupanda kilima kutafuta mtandao. Mnara, hata hivyo, haununui bando. Mfumo wa serikali wa e-Mrejesho, unaopokea malalamiko, maoni na pongezi za wananchi, umelizingatia hilo kwa kiasi, kwa kuwa licha ya tovuti na programu ya simu unapatikana pia kwa kubonyeza *152*00# katika simu isiyo na intaneti.

Mfumo wa aina hiyo una udhaifu wake. Malalamiko yaliyotumwa kimyakimya huonekana na ofisi iliyoyapokea tu, wakati yale yaliyosemwa mkutanoni husikiwa na jirani, ambaye huenda ana tatizo lilelile. Dodoma ina mfano wa wazi katika migogoro ya viwanja, mingi ikirithiwa kutoka Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa mwaka 2017. Mtu mmoja aliyepimiwa kiwanja juu ya shamba la babu yake ni faili moja kati ya maelfu. Watu arobaini waliounda kundi la WhatsApp, wakalinganisha barua zao na kugundua kwamba ramani ni ileile, wana hoja ya kuipeleka kwa diwani. Kazi hii haina mvuto kwa programu zinazopanga posti ipi ionekane kwanza, kwa kuwa programu hizo hupenda hasira, matusi na vichekesho. Na haina mvuto kwa chawa, wale wanaojipatia riziki kwa kuwasifu wakubwa mtandaoni, ambao wamejaa kiasi kwamba sifa zenyewe zimepoteza thamani.

Juu ya yote hayo upo mkono unaoweza kuzima. Mkesha wa uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020 mitandao mikubwa ya kijamii ilibanwa, na watu wakakimbilia VPN, programu inayopitisha mawasiliano katika kompyuta za nchi nyingine ili kukwepa kizuizi. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili. Mei 2025 X ikafungwa, na Septemba Jamii Forums ikasimamishwa kwa siku 90. Kisha, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi iliyogeuka kuwa siku ya maandamano na umwagaji damu katika miji kadhaa, intaneti ilikatwa nchi nzima, na VPN haina msaada pasipokuwa na intaneti ya kupita. Ilianza kurejea tarehe 3 Novemba, siku ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa Dodoma.

Kukatwa huko hakukuzuia picha kupigwa. Simu ziliendelea kurekodi, na mtandao uliporudi picha zilimiminika kwa wingi, huku wananchi wakipokea ujumbe wa polisi ukiwaonya dhidi ya kuzisambaza. Kilichopotea ni zile siku ambazo familia ilishindwa kumtafuta ndugu yake, mwandishi alishindwa kuhakiki alichosikia, na uvumi ulitembea kwa mdomo bila chochote cha kuupima. Tarehe 14 Novemba, akilifungua Bunge jipya jijini Dodoma, Rais alitangaza kuundwa kwa tume ya kuchunguza matukio hayo, na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman akateuliwa kuiongoza. Sehemu kubwa ya ushahidi ambao tume ya namna hiyo hulazimika kuukabili imo katika simu za watu walioambiwa wasiisambaze.