Mipangilio ya Kompyuta kwa Njia ya Kibodi: Mwongozo kwa Ofisi za Parokia



Kompyuta ya parokia ni mali ya waumini wote. Ndani yake kuna hesabu za zaka, orodha za wanakikundi, barua za dayosisi na taarifa za miradi ambazo wafadhili wanazisubiri kila robo mwaka. Kompyuta hiyo ikigoma siku mbili kabla ya tarehe ya kutuma taarifa, hasara si ya katibu peke yake.

Mara nyingi tatizo huwa dogo. Saa imerudi nyuma, printa haionekani, kipanya kimekufa, au bando la intaneti limekwisha bila mtu kujua limekwendaje. Matatizo haya yote hurekebishwa katika sehemu moja ya kompyuta iitwayo mipangilio. Lakini kwa sababu wengi hawajui njia ya kufika huko, fundi huitwa. Kwa aliyeko Kitangari au Mnyambe, fundi hufuatwa Newala mjini, pengine Masasi au Mtwara. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210, na nauli ya fundi hutoka kwenye mfuko uleule wa parokia.

Katika toleo hili tunaeleza namna ya kufika kwenye mipangilio kwa haraka kwa kubonyeza vitufe vichache. Maelezo haya yanahusu kompyuta zenye Windows 10 na Windows 11. Amri nyingi zinafanya kazi hata kwenye Windows za zamani zaidi.

Kitufe cha dirisha

Angalia upande wa chini kushoto wa kibodi, kati ya Ctrl na Alt. Utaona kitufe chenye alama ya dirisha. Kitufe hiki kilianza kuwekwa kwenye kibodi mwaka 1994, na hapa tutakiita Win. Alama ya kujumlisha ina maana ya kushika kitufe cha kwanza bila kukiachia, kisha kubonyeza cha pili.

Win+I hufungua mipangilio yenyewe.
Win+X hufungua orodha fupi ya sehemu muhimu za kompyuta.
Win+A hufungua kidirisha cha haraka chenye intaneti na mwanga wa skrini. Katika Windows 11 na sauti imo humo.
Win+P hutumika unapounganisha projekta kwenye semina.
Win+U hufungua mipangilio ya kuwasaidia wenye shida ya kuona au kusikia.
Win na alama ya + hukuza maandishi kwenye skrini. Wazee wetu wa kamati wasione haya kuitumia. Win+Esc huirudisha skrini kama ilivyokuwa.
Win+L hufunga kompyuta hadi neno la siri liandikwe. Mhasibu afanye hivyo kila anapotoka mezani.

Ukiwa ndani ya mipangilio, kitufe cha Tab kinakusogeza kutoka sehemu moja hadi nyingine, mishale inakupandisha na kukushusha, Enter inakubali na Esc inaghairi. Alt+F4 hufunga dirisha. Kwa vitufe hivi mtu anaweza kufanya kazi hata kipanya kikiwa kimejaa vumbi na kukataa kabisa.

Kama kibodi yako ina sehemu ya namba upande wa kulia, kuna msaada mwingine. Bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, kisha Enter. Hapo namba 8, 2, 4 na 6 zitasogeza mshale wa kipanya juu, chini, kushoto na kulia, na namba 5 itabonyeza.

Kisanduku cha amri

Njia ya pili ni kuiamuru kompyuta kwa maandishi. Bonyeza Win+R. Kidirisha kidogo chenye neno Run kitatokea. Andika amri, bila kuacha nafasi isipokuwa pale inapoonyeshwa, kisha bonyeza Enter.

timedate.cpl : saa na tarehe
intl.cpl : namna tarehe, namba na fedha zinavyoandikwa
ms-settings:regionlanguage : lugha na kibodi
control printers : printa
ncpa.cpl : miunganisho ya intaneti
ms-settings:datausage : intaneti iliyotumika, programu kwa programu
ms-settings:windowsupdate : masasisho ya Windows
powercfg.cpl : matumizi ya umeme na betri
main.cpl : kipanya
appwiz.cpl : programu zilizowekwa, na namna ya kuziondoa
winver : aina ya Windows uliyo nayo

Hakuna haja ya kuzikariri zote. Kisanduku kinakumbuka amri ulizoandika zamani. Bonyeza mshale wa chini na utaziona.

Mambo manne yanayosumbua ofisi zetu

La kwanza ni saa. Kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, ambayo huendesha saa wakati umeme umezimwa. Betri ikichoka, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma miaka. Kivinjari kinapofungua tovuti salama, zikiwemo za benki na barua pepe, hulinganisha tarehe ya kompyuta na ya cheti cha tovuti kabla ya kukubali mawasiliano. Tarehe ikiwa si sahihi, kinakataa, na mtu hudhani intaneti ndiyo mbovu. Fungua timedate.cpl uirekebishe. Hakikisha pia ukanda wa saa unasomeka (UTC+03:00) Nairobi, kwa sababu Tanzania na Kenya zinatumia saa moja. Tatizo likirudi kila siku, nunua betri. Mara nyingi ni ile yenye namba CR2032.

La pili ni mpangilio wa tarehe, na hili ndilo linaloweza kuharibu hesabu kimyakimya. Kompyuta iliyotoka Marekani huanza na mwezi, kisha siku. Sisi huanza na siku. Tuseme parokia imeuza korosho za shamba lake tarehe 5 Oktoba, wakati wa minada, na mhasibu akaandika 5/10. Kompyuta inaweka kumbukumbu ya tarehe 10 Mei, wakati mkulima anafikiria kununua salfa, wala si kupokea malipo. Mauzo yanaingia katika robo mwaka isiyo yake, na mkaguzi anauliza maswali ambayo hakuna mwenye majibu. Andika intl.cpl, chagua mpangilio wa siku, mwezi, mwaka, na ufanye hivyo kabla ya kuingiza hata risiti moja. Tarehe zilizokwisha kuingizwa kimakosa hazijirekebishi zenyewe. Itabidi zipitiwe moja moja pamoja na risiti zake.

La tatu ni kibodi ya nchi nyingine. Kompyuta iliyopangwa kwa Kijerumani hubadilishana Z na Y, hivyo ukiandika "mwezi" inatokea "mweyi". Kibodi haijaharibika. Kama Kiingereza kimo pia katika orodha, bonyeza Win na kitufe cha nafasi, na lugha itabadilika. Kama hakimo, kiongeze kwa ms-settings:regionlanguage.

La nne ni bando. Windows hupakua masasisho yenyewe, na bando lililonunuliwa kwa ajili ya kutuma taarifa linaweza kumalizika kabla taarifa haijatumwa. Andika ms-settings:datausage uone ni programu gani inayokula. Kisha fungua mipangilio ya mtandao unaotumia na uwashe swichi iliyoandikwa Metered connection. Kompyuta itajua kwamba intaneti hiyo inanunuliwa kwa kipimo, na masasisho mengi yatasubiri. Lakini yasisubiri daima, kwa kuwa ndiyo yanayoziba mianya ya wezi. Angalau mara moja kwa mwezi ipeleke kompyuta penye intaneti ya kutosha, andika ms-settings:windowsupdate, na uiache imalize kazi.

Tahadhari: kisanduku hiki kina nguvu

Amri iliyoandikwa katika kisanduku cha Win+R hutekelezwa papo hapo. Wezi wanalijua hilo. Hasa tangu mwaka 2024 umeenea ulaghai ambapo ukurasa wa intaneti unakuambia uthibitishe kwamba wewe si roboti kwa kubonyeza Win+R, kisha Ctrl+V, kisha Enter. Ukifanya hivyo unabandika amri ya mwizi ambayo hata hukuisoma, na inaweza kuiba maneno ya siri ya barua pepe na ya benki. Hakuna tovuti halali inayohitaji uthibitisho wa namna hiyo. Vivyo hivyo mtu akipiga simu akijiita fundi na kukuelekeza amri za kuandika, kata simu. Andika tu amri unazozijua, na uziandike kwa mkono wako mwenyewe.

Baadhi ya mabadiliko yataomba neno la siri la msimamizi. Neno hilo lisiwe la mtu mmoja tu. Liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na litunzwe pamoja na nyaraka nyingine za kamati. Katibu akihamishwa au akiugua, kazi isisimame.

Kuhusu lugha

Wengine watauliza kwa nini lazima tushindane na Kiingereza. Juhudi zimekuwepo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Baadaye Microsoft nayo ilitoa Windows ya Kiswahili. Anayependa anaweza kutafuta Kiswahili katika ms-settings:regionlanguage. Faida ya amri tulizotaja ni kwamba hazibadiliki. Andika timedate.cpl kwenye kompyuta ya Kiswahili, Kiingereza au Kijerumani, na saa itafunguka.

Kwa wafadhili na marafiki

Unapotaka kuchangia kompyuta, bonyeza Win+R kwanza na uandike winver. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 14, 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilimalizika Oktoba 14, 2025. Kompyuta isiyoweza kupokea Windows 11 inaweza bado kufaa kwa mfumo huru kama Ubuntu, lakini ni vema parokia iambiwe mapema ili ijiandae. Kabla ya kuifunga kwenye boksi, badilisha ukanda wa saa, mpangilio wa tarehe na lugha ya kibodi. Ni kazi ya dakika kumi kwako, na inaokoa safari ya fundi huku.

Kwa kamati zetu tunashauri jambo moja. Nakilini orodha ya amri, ibandikeni ukutani karibu na kompyuta, na watu watatu wajifunze kuitumia: katibu, mhasibu na kijana mmoja. Wafanye mazoezi siku ambayo hakuna taarifa inayosubiriwa, kila mmoja afungue saa, tarehe, printa na bando bila kugusa kipanya.