Mtoto Huyu Aitwe Nani?

Leo tutafakari kitu tulichopewa kabla hatujajua kusema, nacho ni jina.

Kwetu Kenya jina halitolewi ovyo. Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Mabinti nao hufuata majina ya nyanya zao vivyo hivyo. Ndiyo maana mama aweza kumwita mwanawe mdogo "baba", naye hakosei. Mtoto asiyejua kutambaa amekwisha kuwa na mahali pake katika ukoo.

Lakini yuko mtoto ambaye baba yake hakumwoa mama. Huyo naye aitwe nani? Kwa miaka mingi hata sheria ilimwekea kizuizi: kwa kawaida jina la baba wa namna hiyo halikuandikwa katika cheti cha kuzaliwa mpaka wazazi wote wawili waombe pamoja. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho, cha 12 katika Sheria ya Kuandikisha Vizazi na Vifo, chapingana na Katiba, maana chambagua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa.

Cheti ni kitu chema, lakini karatasi haiwezi kumpakata mtoto. Tumtazame Yusufu katika Mathayo, sura ya kwanza. Mtoto hakuwa wa damu yake, naye alikuwa ameazimu kumwacha Mariamu kwa siri. Malaika alimwagiza amchukue mkewe, tena yeye mwenyewe ampe mtoto jina. Kwa kumwita jina, Yusufu alimkiri mbele ya watu kuwa mwanawe. Hivyo Yesu ahesabiwa katika ukoo wa Daudi.

Basi, babu na nyanya mnaotusikiliza, je, yuko mjukuu nyumbani ambaye twamtaja kwa sauti ya chini? Tusimwite "mtoto wa nje". Tumpe jina la mzee wa nyumba hii, tuliite kwa furaha, na tumweleze habari za yule aliyekuwa nalo kabla yake. Katika Ubatizo maji ni yale yale kwa kila mtoto.

Tuombe. Ee Baba, unayetujua kila mmoja kwa jina lake, utupe moyo wa Yusufu, tusimfungie mtoto mlango. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.