Mhindi Aliyetunza Hazina ya Tanzania

Neno "Mhindi" likitajwa katika nchi zetu, watu wengi huwaza mara moja duka, mizani na vitambaa. Ni wachache wanaowaza waziri. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza habari za Bwana Amir Habib Jamal, mtu wa asili ya Kihindi aliyekuwa waziri katika serikali ya Tanganyika, kisha ya Tanzania, tangu mwaka 1959 hata mwaka 1985. Tena tunayo sababu nyingine. Swali lililomkabili yeye maisha yake yote latukabili hata sisi wakaaji wa Kirotshe, na ndugu zetu wa Masisi na Walikale: ni nani aliye mwana wa nchi?

Kuzaliwa kwake na masomo

Amir Jamal alizaliwa Dar es Salaam tarehe 26 Januari 1922, katika jamaa ya wafanya biashara ambao asili yao ni Gujarat, upande wa magharibi wa India. Alisoma Mwanza na Dar es Salaam, kisha akavuka bahari, akaenda Chuo Kikuu cha Calcutta kujifunza mambo ya biashara na uchumi. Wakati ule watu wa India walikuwa wakiwadai Waingereza uhuru wao, nao wakaupata mwaka 1947.

Aliporudi alishika kazi ya biashara ya jamaa yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alijuana na Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952. Urafiki wao ulidumu mpaka siku ya kufa kwa Jamal.

Kura tatu mkononi mwa mtu mmoja

Mwaka 1958 Waingereza waliruhusu uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa kanuni ya ajabu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu 3, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Katika mkutano wao wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwashawishi waukubali. Basi chama ambacho wakati huo kiliandikisha Waafrika tu kikatafuta Wazungu na Wahindi wa kuwaunga mkono. Jamal alikuwa mmoja wao, akashinda.

Mwezi wa Julai 1959 wajumbe 5 waliochaguliwa wakapewa uwaziri: Waafrika 3, yaani Chifu Abdallah Fundikira, George Kahama na Solomon Eliufoo, Mzungu mmoja, Derek Bryceson, na Mhindi mmoja, Amir Jamal.

Oktoba 1961, uhuru ulipokuwa karibu, wajumbe kadhaa walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa watu weusi tu. Nyerere alisimama akawapinga kwa maneno makali, akasema kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia upimwe kwa rangi ya ngozi. Sheria ya uraia ikapita bila ubaguzi huo. Mwaka 1963 TANU ikafungua mlango kwa watu wa asili zote, na Jamal akaingia.

Lakini jaribio kubwa lilikuwa mwaka 1965. Sasa hapakuwa tena na kiti kilichotengwa kwa Mwasia. Katika kila jimbo wagombea 2 wa TANU walishindana, mmoja kwa alama ya jembe, mwenziwe kwa alama ya nyumba. Wapiga kura wa Morogoro, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, wakamchagua Jamal kwa kura nyingi sana.

Mtunza hazina

Mwaka huohuo alipewa Wizara ya Fedha, ambayo aliishika mara 3 katika maisha yake. Chini ya macho yake Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwaka 1966, na nchi ikapata sarafu yake yenyewe. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yakawa mali ya taifa. Mwaka huohuo Tanzania na Zambia zilipatana na Uchina juu ya reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 hivi.

Kisha ukaja mwaka 1971. Serikali ilizitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Sheria haikutaja rangi ya mtu, lakini wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa Wahindi. Wengi wao walihuzunika, wakafunga mizigo na kuhama. Jamal alibaki kazini. Tufikiri, wasomaji, ni mzigo gani kuwa waziri wa fedha siku ambayo sheria ya nchi yawaumiza watu wa asili yako.

Wala hakufaulu katika yote. Aliporudishwa Wizara ya Fedha mwaka 1979, vita ya Kagera ilikuwa imekwisha kula fedha nyingi, bei ya mafuta ilipanda, na sabuni na sukari zikaadimika madukani. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani, Nyerere akakataa, na Jamal akawa katikati. Hata hivyo mataifa yalimheshimu: mwaka 1980 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa mwaka wa Shirika hilo na Benki ya Dunia.

Kwa majirani na kwetu

Tulinganishe na majirani. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Kwetu, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu aliamuru maduka na mashamba ya wageni yagawiwe Wazaire. Haukupita muda mrefu, maduka mengi yakawa matupu.

Tena sheria ya uraia ya mwaka 1972 iliwapa wengi wenye asili ya Rwanda uraia, na ile ya 1981 ikawanyang'anya, ikidai mizizi ya tangu 1885. Machi 1993 damu ilimwagika sokoni Ntoto, katika Walikale, na vita ikaenea mpaka Masisi. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2004, lakini waliokufa hawakurudi.

Mwisho wa safari

Mwaka 1985 Jamal alitumwa Geneva kuwa balozi wa nchi yake penye Umoja wa Mataifa. Alifariki Vancouver, Kanada, tarehe 21 Machi 1995.

Enyi wazazi, na ninyi wanafunzi mtakaopiga kura kesho, wakumbukeni watu wa Morogoro. Walijua vizuri babu zake Jamal walitoka wapi, wala hakuna aliyewaficha. Bali waliupima utumishi wake, wakampa kura. Nchi iliyomkubali hivyo ilipata mtumishi kwa miaka 26 katika uwaziri. Nchi zinazowafukuza watu wa namna hiyo hazijui hata zimepoteza nini.