Ndege za Vita Zilizoishia Majaribioni (3): Miles M.20

Wiki iliyopita niliitaja Miles M.20 kwa sentensi mbili tu, nikapita. Fundi cherehani mmoja wa soko la Owino, Kampala, msomaji wa safu hii, hakuridhika. "Mwalimu," aliniambia, "unasema ndege iliundwa kwa siku sitini na kitu, ikabeba risasi nyingi kuliko Spitfire, halafu ikakataliwa. Kitu kizuri hakikataliwi bure. Ilikuwa na kasoro gani?" Swali lake ni la haki, nami leo naitenga ndege hii peke yake.

Turudi katikati ya mwaka 1940. Ufaransa imeanguka mwezi Juni, na jeshi la anga la Ujerumani limepiga kambi ng'ambo ya mlangobahari. Ulinzi wa anga wa Uingereza umeegemea aina mbili za ndege, Hurricane na Spitfire, na zote mbili zinatumia injini moja, Merlin ya Rolls-Royce. Spitfire ni ya aluminiamu na kuiunda ni kazi ngumu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika Southampton, mji wa bandari ulio karibu mno na adui. Kiwanda cha pili, Castle Bromwich, ndiyo kwanza kimeanza kutoa ndege. Mwezi Julai Lord Beaverbrook, waziri wa uundaji wa ndege, akawaomba akina mama watoe masufuria yao ya aluminiamu yakayeyushwe. Masufuria ya jikoni, ya aina ile ile inayopangwa leo kwenye vibanda vya Owino, yakakusanywa malundo kwa malundo. Nchi inayofikia hatua hiyo inaogopa kweli, na hofu yenyewe ilikuwa moja: viwanda vikipigwa mabomu, marubani watarusha nini?

Jibu moja lilitoka Woodley, karibu na mji wa Reading. Hapo ndipo F. G. Miles na ndugu yake George walipokuwa wakiunda ndege za mafunzo katika kampuni ya Phillips & Powis. Walikuwa mabingwa wa mbao. Ndege yao iitwayo Master, ya kufundishia marubani wa kivita, ilikuwa ya mbao na plaiwudi iliyounganishwa kwa gundi, na ilikuwa ikitoka kiwandani kila siku. Miles akapendekeza ndege ya kivita itakayoundwa upesi, bila kugusa aluminiamu adimu, kwa kutumia vipande vya Master popote vinapofaa.

Msomaji wangu wa Owino anaijua kazi hii. Akiletewa koti la mivumba lililo pana hakati kitambaa kipya. Hufumua mshono kwa wembe, hubakiza kola na bitana vilivyo vizima, hupunguza ubavuni, na mteja huondoka na koti lake jioni ile ile. Woodley walifanya vivyo hivyo. Hata injini haikuhitaji kubuniwa mahali pake upya: walichukua Merlin XX ikiwa imekwisha fungwa pamoja na rejeta na vifuniko vyake, kifurushi kizima kilichoandaliwa kwa ajili ya ndege iitwayo Beaufighter, wakakifunga puani. Siku 65 baada ya kupewa ruhusa, katikati ya Septemba 1940, vita vya angani vikiwa vimepamba moto, M.20 ikaruka.

Hapa nataka tukae kidogo na magurudumu yake, maana ndiyo yanayowafanya watu waidharau ndege hii wakiona picha. Hayakunjwi. Miguu imesimama chini ya mabawa muda wote, imevikwa vifuniko vinene kama ndege za miaka ya nyuma. Mtu husema haraka kwamba huu ni ushamba, kwani mguu unaoning'inia hukokota upepo na kupunguza kasi. Ni kweli hupunguza. Lakini hesabu ya Miles ilikuwa pana kuliko kasi peke yake. Magurudumu yanayokunjwa yanataka mitambo ya haidroliki, mabomba na pampu, na yanataka shimo ndani ya bawa la kujifichia. Ukiyaacha nje, mitambo yote hiyo inatoka, mafundi wanapungua, na bawa linabaki na nafasi. Nafasi hiyo ndiyo iliyobeba mafuta karibu lita 700, wakati Spitfire ya siku zile haikufikisha 400. Iliweza kufungwa bunduki 12 na risasi 5,000, karibu maradufu ya Spitfire. Kasi yake ilifika kilomita 535 hivi kwa saa: nyuma ya Spitfire, mbele kidogo ya Hurricane za mwanzo. Juu ya rubani palikuwa na kifuniko cha kioo kilichofura kama povu, kikimwezesha kuona nyuma yake, jambo ambalo Spitfire ililipata miaka kadhaa baadaye.

Kwa hiyo, fundi, kasoro kubwa haikuwa kwenye ndege. Tuangalie kilichotokea chini, ardhini.

Hofu iliyoizaa M.20 ilitimia. Tarehe 24 na 26 Septemba, siku chache tu baada ya ndege hiyo kuruka, Wajerumani walikipiga mabomu kiwanda cha Spitfire cha Woolston, Southampton, wakakiharibu kabisa, na wafanyakazi wakafa. Ungedhani saa ya M.20 imefika. Lakini Beaverbrook aliamuru kazi itawanywe. Mashine zilizonusurika zikabebwa, zikawekwa kwenye gereji za magari, mabanda ya mabasi na hata sehemu za kufulia nguo, katika Southampton kwenyewe, Salisbury, Trowbridge na miji mingine. Huku wanaunda mabawa, kule kiwiliwili, halafu vipande vinakutanishwa uwanjani. Mojawapo ya gereji hizo, Vincent's, ilikuwa mjini Reading, si mbali na Woodley. Adui hawezi kulenga kiwanda ambacho hakipo mahali pamoja. Kwa maoni yangu gereji zile ndizo zilizoishinda M.20, kuliko Spitfire yenyewe.

Kuna sababu ya pili, na wapenzi wa M.20 huipita upesi. Ndege hii iliponya uhaba wa mabawa na viwiliwili, haikuponya uhaba wa injini. Kila Merlin ambayo ingefungwa kwenye M.20 ingetolewa kwenye Hurricane, Spitfire au ndege ya kulipua mabomu. Isitoshe, kilichopungua zaidi kufikia mwisho wa Septemba 1940 ni marubani waliofuzu, na hao hawaundwi kwa mbao wala kwa aluminiamu. Mbao zenyewe hazikuwa na lawama: Mosquito, ya mbao pia, iliruka Novemba mwaka ule ule, na zaidi ya 7,000 zikaundwa.

Miles hakukata tamaa. M.20 ya pili iliruka Aprili 1941, safari hii kwa ajili ya bahari. Meli za mizigo zilikuwa zikiwindwa katika Atlantiki na ndege za masafa marefu, na wazo lilikuwa kuirusha ndege moja ya kivita kutoka sitahani kwa mtambo wa roketi, kisha rubani aitue majini akaokolewe. Safari moja, ndege imepotea. Wakubwa wakauliza kwa nini waunde ndege mpya kwa kazi hiyo, ilhali Hurricane zilizochoka vitani zipo. Meli 35 zikapewa Hurricane. M.20 zote mbili zikavunjwavunjwa, na hakuna jumba la makumbusho lenye hata moja.

Hurricane hiyo hiyo, iliyoifungia M.20 mlango mara ya pili, wazee wa Uganda waliijua. Marubani wa Afrika Kusini waliirusha kutoka Kenya mwaka 1940 na 1941 dhidi ya Waitalia, katika vita walivyopigana pia askari wa King's African Rifles. Mwaka 1944 batalioni ya 4, ile ya Uganda, ilishuka bonde la Kabaw huko Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na Hurricane zilikuwa bado kazini kwenye vita hivyo, sasa zikibeba mabomu.

Wiki ijayo: Martin-Baker MB 5, iliyosifiwa na karibu kila rubani aliyeijaribu, lakini ikaruka kwa mara ya kwanza Mei 1944.