Dawa Inapomkataa Mtoto

Jioni moja nikiwa zamu katika wodi ya watoto, aliletwa mtoto wa kike wa miaka minne, amefungwa mgongoni mwa mama yake kwa khanga. Mama alipofungua khanga mtoto alilia sana, maana ngozi ya kifua ilikuwa imeshikana na nguo na kuanza kubabuka. Midomo ilikuwa na vidonda vyenye magamba ya damu. Macho yalikuwa yamefumba na kujaa tongotongo. Mama alisema, "Sista, ni surua. Bibi yake amempaka mafuta lakini inazidi."

Tulimwuliza mtoto alitumia dawa gani. Akajibu, "Hakutumia dawa yoyote." Tulimwuliza tena, akajibu vilevile. Mara ya tatu ndipo akakumbuka. Siku kumi kabla, mtoto alikohoa, naye akampa Septrin ya maji iliyobaki kwenye chupa ya kaka yake. Akatuuliza kwa mshangao, "Lakini Septrin ni dawa. Dawa itamdhuruje mtoto?"

Swali la mama huyu ni la wazazi wengi. Mwezi huu tulijibu pamoja.

Mzio wa dawa ni nini?

Mwili una askari wake wa kupambana na vijidudu vya magonjwa. Kwa watu wachache, askari hao huiona dawa fulani kuwa ni adui, wakaanza kuipiga vita. Vita hiyo ndiyo inayoumiza mwili wenyewe. Hali hii huitwa mzio, au aleji. Watu husema, "Dawa imemkataa."

Si lazima dawa iwe mbovu, wala iwe imepitwa na wakati, wala mzazi awe amezidisha kipimo. Dawa iliyomponya kaka inaweza kumkataa mdogo wake. Tena, dawa aliyoitumia mtoto mwaka jana bila shida inaweza kumkataa mwaka huu, maana mara nyingi askari wa mwili huitambua dawa mara ya kwanza, nao hupigana nayo inaporudi.

Mara nyingi mzio ni mdogo: vipele na muwasho, basi. Lakini ipo mizio miwili ya hatari ambayo kila mzazi aijue.

Mzio wa ghafla

Huu huja upesi, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa moja baada ya dawa. Baada ya sindano huja haraka zaidi kuliko baada ya kidonge. Dawa inayojulikana zaidi kwa mzio huu ni penisilini pamoja na ndugu zake, kama amoksilini na ampisilini.

Dalili zake ni hizi:
1. Ngozi kuwasha na kutoka mabaka yaliyovimba. Kumbuka kwamba wengine hawatoki mabaka kabisa.
2. Midomo, ulimi au kope kuvimba.
3. Sauti kukwaruza, kukohoa, kifua kubana, au kuhema kwa mlio.
4. Kutapika au tumbo kuuma ghafla.
5. Mtoto kulegea, kupauka, kutoka jasho la baridi au kuzimia.

Mtoto mwenye dalili ya 3 au ya 5 baada ya dawa yuko katika hatari ya kufa. Dawa inayookoa ni sindano ya adrenalini, ambayo mhudumu wa afya huichoma kwenye msuli wa paja mara moja, na kuirudia baada ya dakika 5 kama hali haijatengemaa. Vidonge vya kutuliza mzio, kama Piriton, hupunguza muwasho tu. Havifungui koo lililovimba. Usipoteze muda ukingoja vifanye kazi.

Mtoto akiwa safarini kwenda hospitali, mlaze chali na miguu yake iinuliwe kidogo. Akihema kwa shida, mwache aketi. Akitapika au akizimia, mlaze ubavu. Usimsimamishe wala usimtembeze, na usimfunge mgongoni. Mbebe mikononi akiwa amelala, kwa sababu damu yake imepungua nguvu, na kumweka wima ghafla kunaweza kusimamisha moyo.

Hata akipata nafuu upesi, kubali alazwe na kuangaliwa. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Kwa sababu hiyo pia, mtoto akichomwa sindano usikimbilie kuondoka. Keti kwenye benchi la zahanati nusu saa. Na msikubali kuchomewa sindano nyumbani na mtu apitaye na mkoba. Huyo hana adrenalini, na pengine hajui atakachofanya mtoto akianguka.

Mzio wa kubabuka ngozi

Huu ndio uliompata mtoto niliyewaeleza. Mwaka 1922 madaktari wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, waliandika habari za wavulana wawili wenye ugonjwa huu, na hadi leo hospitalini unaitwa kwa majina yao.

Mzio huu ni mgumu kutambua kwa sababu hauji siku ile ile. Mara nyingi huanza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu mtoto aanze dawa. Kufikia hapo mzazi amesahau dawa yenyewe. Ndiyo maana sisi wauguzi tunauliza mara tatu.

Huanza kama mafua: homa, koo kuuma, macho kuwasha, uchovu. Baada ya siku moja hadi tatu hutokea mabaka mekundu au meusi usoni na kifuani. Ngozi huuma hata ikiguswa kidogo. Kisha huja malengelenge, na ngozi hutoka kama ya mtu aliyeungua kwa maji ya moto. Midomo, kinywa, macho na sehemu za siri hupata vidonda.

Surua nayo huleta homa, macho mekundu na vipele, lakini haitoi malengelenge wala haibabui ngozi namna hiyo. Ukiona vidonda kinywani pamoja na ngozi inayouma baada ya dawa, usibishane na jirani kama ni surua, joto au mkono wa mtu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa zinazohusika zaidi ni hizi:
– Dawa zenye salfa. Septrin, yaani kotrimoksazoli, ni mojawapo. SP, iliyojulikana pia kwa jina la Fansidar, ni nyingine. Tanzania iliitumia SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria tangu mwaka 2001 hadi nafasi yake iliposhikwa na dawa mseto mwaka 2006. Hata leo mama wajawazito hupewa SP kliniki kwa kuzuia malaria.
– Dawa za kifafa: fenobabitoni, fenitoini na karbamazepini.
– Nevirapini, moja ya dawa za virusi vya UKIMWI.

Naomba nisieleweke vibaya. Dawa hizi zimeokoa watoto wengi, na mzio huu hutokea kwa wachache sana. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI hupewa kotrimoksazoli tangu wiki ya 6 ili asipatwe na nimonia. Usiiache kwa sababu umesoma ukurasa huu. Iache pale tu dalili nilizozitaja zitakapoonekana, na siku hiyo hiyo umpeleke mtoto hospitali. Dawa ya kifafa nayo ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege, kwa hiyo daktari lazima ampe nyingine mara moja.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Acha kumpa dawa unayoishuku. Usiseme, "Namalizia kipimo." Kila kijiko kinachoongezwa kinaongeza moto.
2. Chukua chupa, pakiti na karatasi za dawa zote alizotumia kwa wiki nne, pamoja na dawa za kienyeji. Usizifiche. Hatutakugombeza. Tunataka kujua adui ni nani.
3. Funika mtoto kwa khanga safi na laini. Mtoto aliyebabuka hupoteza joto na maji haraka.
4. Mpe maji, uji mwepesi au maziwa kidogo kidogo kama anaweza kumeza. Anayenyonya aendelee kunyonya.
5. Usitumbue malengelenge wala kubandua ngozi. Usipake majivu, mafuta, dawa ya meno wala majani. Usipake pia dawa ya vidonda vya moto bila kuuliza, kwa maana ile krimu nyeupe inayotumiwa sana ina salfa ndani yake.
6. Usitie kitu chochote machoni, hata maziwa ya mama.

Hospitalini

Wazazi wengine hushangaa wakiona hatutoi dawa nyingi. Tiba ya kwanza ni kuondoa ile dawa mbaya. Baada ya hapo kazi kubwa ni uuguzi: dripu ya maji, chakula kwa mpira kupitia puani, dawa ya maumivu, kuosha kinywa, kupaka vaselini safi, na kumweka mtoto kwenye chumba chenye joto mbali na wagonjwa wengine.

Macho ndiyo ninayoyaogopa. Kope zinaweza kushikana na jicho na kuacha makovu, na mtoto akapona ngozi lakini akabaki kipofu. Hivyo macho husafishwa na kutiwa dawa mara nyingi kila siku. Ukiambiwa umpeleke kwa daktari wa macho, hata kama nauli ni ngumu, usiahirishe.

Baada ya kupona

Hapa ndipo wengi tunapolegea. Mtoto akipewa dawa ile ile tena, mzio hurudi upesi zaidi na kwa ukali zaidi. Tufanye hivi:

Kwanza, jina la dawa liandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kadi yake ya kliniki: jina la dukani na jina lake halisi. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi. Aliyekataliwa na Septrin asipewe Fansidar wala Metakelfin, kwa kuwa zote zina salfa. Aliyekataliwa na karbamazepini asipewe fenitoini wala fenobabitoni bila daktari kujua.

Pili, mfundisheni bibi, shangazi, msichana wa kazi na mwalimu. Mtoto mwenyewe akishaweza kusema, afundishwe kutaja jina la dawa hiyo kama anavyotaja jina la baba yake.

Tatu, msitunze mabaki ya dawa nyumbani kwa ajili ya mtoto mwingine.

Nne, msiite kila kipele mzio. Mtoto mwenye homa ya virusi akipewa amoksilini anaweza kutoka vipele ambavyo si mzio wa kweli. Akiandikwa kwamba ana mzio bila kuchunguzwa, atanyimwa dawa nzuri na ya bei nafuu maisha yake yote. Mwacheni daktari aamue.

Nanyi akina baba, msimlaumu mama. Mama aliyempa mwanawe dawa alitaka apone. Mzio hauwezi kuagulika kabla haujatokea, wala hautokani na laana ya ukoo.

Mtoto wetu alikaa wodini wiki tatu. Mama yake alijifunza kumsafisha kinywa na macho kuliko wanafunzi wetu. Alipona, ingawa jicho moja hubaki kavu na huhitaji dawa ya matone. Miezi michache baadaye alishikwa na kikohozi. Katika zahanati moja yenye foleni ndefu aliandikiwa kotrimoksazoli. Mama alitoa kadi yenye maandishi mekundu, akaiweka mezani na kusema, "Hii inamuua mwanangu." Mganga alisoma, akashukuru, akaandika dawa nyingine.

Leo jioni, kabla ya kulala, toeni kadi za watoto wenu na muulizane: je, yuko mmoja wetu aliyewahi kukataliwa na dawa? Kama yuko na haijaandikwa, kesho kadi iende zahanati ikaandikwe.