Difenda la Doria Kabla ya Hospitali: Usalama wa Askari na Majeruhi katika Barabara ya Kabwe

Kabwe ni mji mdogo wa wavuvi na wafanyabiashara kando ya Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Bandari yake hupokea watu na mizigo ya mwambao, pamoja na ile itokayo ng'ambo ya ziwa, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga, yaliko makao makuu ya mkoa na hospitali ya rufaa, uko juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,000 juu zaidi. Mtu anayeumia vibaya ufukweni hana budi kupandishwa ukingo wa Bonde la Ufa ili afikie huduma ya upasuaji, na gari linaloitwa kumfuata hulazimika kwanza kuteremka ukingo huohuo.

Gari hilo si lazima liwe la wagonjwa. Ajali ikitokea porini au majira ya usiku, linaloweza kutangulia kufika ni gari la doria la polisi, ambalo wananchi huliita difenda. Jina hilo lilitokana na Land Rover Defender, lakini leo hutumika kwa pikapu yoyote ya polisi, hata ikiwa Land Cruiser. Difenda lilikusudiwa kubeba askari na kulinda amani. Hata hivyo, majeruhi akishapakiwa humo, namna gari lilivyotunzwa, lilivyosheheni vifaa na linavyoendeshwa huwa sehemu ya matibabu yake. Likipinduka njiani, hospitali iliyokuwa ikimsubiri mgonjwa mmoja hupokea sita, na mtaa uliokuwa na askari watano hubaki bila hata mmoja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Askari wa doria wengi wamo katika umri huo, nao huwa barabarani saa ambazo wengine wamelala.

Mwendo na mteremko

Wito wa dharura huufanya mguu wa dereva uwe mzito juu ya mafuta. Sayansi ya mwendo, hata hivyo, haibadilishwi na king'ora. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde. Dereva anayehitaji sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga breki atakuwa amekwenda mita 33 kabla breki hazijaanza kushika. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya mgongano huongezeka mara nne. King'ora na vimulimuli huomba njia kwa wanaosikia na kuona; ng'ombe, mtoto na mwendesha bodaboda aliyeziba masikio kwa muziki hawaombeki.

Barabara inayoshuka kutoka uwandani hadi Kabwe ina hatari yake mahususi. Gari lenye uzito wa tani 3 pamoja na abiria, likishuka mita 800, lazima litoe joto linalotosha kuchemsha takriban lita 70 za maji. Joto hilo likiachiwa breki peke yake, breki huchoka, kanyagio huzama, na dereva hubaki na usukani tu. Kwa sababu hiyo mteremko hushukwa kwa gia nzito tangu mwanzo, ili injini ilizuie gari, na breki hukanyagwa kwa vipindi vifupi. Desturi ya kuweka gia huru ili kubana mafuta ni hatari kubwa mahali kama hapa. Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu mkoani Arusha, basi dogo la shule lilitumbukia korongoni likiwa kwenye mteremko wakati wa mvua. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walipoteza maisha. Kwenye mteremko uliolowa, muda wa kurekebisha kosa ni mfupi mno.

Uchovu nao ni adui. Tafiti zimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini kwa kiwango kinacholingana na cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mkuu wa kituo anayempanga dereva yuleyule kwa doria ya usiku na safari ya asubuhi ya kwenda Sumbawanga anapaswa kulifahamu jambo hili kama anavyofahamu kiasi cha mafuta yaliyomo kwenye tangi.

Mkanda wa askari na mkanda wa mahabusu

Mkanda wa usalama hupunguza uwezekano wa kifo kwa abiria wa gari kwa hadi nusu. Hata hivyo, askari wengi duniani huuona kama kikwazo: hushikamana na mkanda wa silaha na huchelewesha kushuka. Nchini Marekani, uchambuzi wa vifo vya askari waliofia ndani ya magari ulionyesha kwamba takriban wawili kati ya kila watano hawakuwa wamefunga mkanda. Dawa ya kikwazo hicho ni mazoezi. Askari hujizoeza kufungua mkanda kwa mkono usioshika silaha, gari linapokaribia kusimama. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ukikatizwa ghafla, mtu asiyefunga mkanda hujigonga kwa nguvu inayolingana na ya kuanguka kutoka urefu wa mita 10. Hakuna mikono inayoweza kujizuia.

Hatari kubwa zaidi iko nyuma. Askari walioketi kwenye mabenchi ya pikapu wakishikilia vyuma hurushwa nje gari linapopinduka, na anayerushwa nje ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjika shingo, kupasuka fuvu au kulaliwa na gari. Difenda linalobeba watu nyuma linahitaji fremu imara ya chuma juu ya mabenchi, mikanda iliyofungwa kwenye fremu hiyo, na idadi ya abiria isiyozidi mikanda iliyopo. Silaha hufungwa kwenye nafasi yake bila risasi chemba. Jeki, spea, dumu na sanduku la zana hufungwa pia, kwa kuwa kila kitu kilicholegea hugeuka kombora.

Mahabusu aliyefungwa pingu hawezi kushika chochote. Usalama wake wote uko mikononi mwa waliomkamata. Afungwe mkanda na aketi wima. Kumlaza kifudifudi mikono ikiwa nyuma, na hasa kumkalia mgongoni, kunaweza kumzuia kupumua hadi kufa, zaidi ikiwa amelewa, ana pumu au amepigwa. Akisema kwamba hawezi kupumua, maneno yake yachukuliwe kuwa dalili ya hatari mpaka mtaalamu atakapothibitisha vinginevyo.

Vifaa vinavyostahili kuwemo

Difenda la njia ndefu kama hii halihitaji mitambo ya gharama. Linahitaji vitu vichache vilivyokaguliwa kila zamu:

• matairi yenye kashata za kutosha na upepo sahihi, spea nzima, jeki, kamba ya kuvutia na tochi mbili;
• breki, mafuta ya breki, taa, waipa, king'ora na vimulimuli vinavyofanya kazi;
• redio ya mawasiliano, kwa kuwa mtandao wa simu haupatikani kila mahali kwenye mteremko;
• pembetatu, koni, utepe wa kuzuia watu, fulana za kuakisi mwanga na kizimamoto kisichopitwa na muda;
• machela ngumu yenye mikanda, kola ya shingo na mablanketi mawili;
• sanduku la huduma ya kwanza lenye glavu, shashi, bandeji pana, torniketi mbili, mkasi mgumu wa kukatia nguo, vibao vya kufungia mfupa uliovunjika, na kalamu ya kuandikia saa.

Blanketi si anasa. Usiku wa Juni na Julai uwanda wa Ufipa huwa na baridi kali, na majeruhi aliyepoteza damu akipoa mwili, damu yake hushindwa kuganda vizuri. Mtu aliyepakiwa Kabwe kwenye joto la ziwani, tena akiwa amelowa, huweza kufika Sumbawanga akitetemeka. Akikoma kutetemeka huku fahamu zikififia, hali imekuwa mbaya zaidi.

Kabla ya kumgusa majeruhi

Askari anayefika kwenye ajali huanza na usalama wa eneo. Gari huegeshwa mahali linapoonekana, pembetatu huwekwa mbali pande zote mbili, na watu huondolewa. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka lililipuka huku wananchi wakichota petroli; zaidi ya watu 100 walikufa. Utepe, fulana na sauti yenye mamlaka, vikiwahi, huokoa watu wengi zaidi ya wale ambao upasuaji ungeweza kuwaokoa baadaye.

Kisha huzuiwa damu. Jeraha hukandamizwa kwa shashi na mkono bila kuachia. Damu ya mkono au mguu isipokoma, torniketi hufungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, isiwe juu ya kiungo, hukazwa mpaka damu ikome, na saa huandikwa. Hailegezwi njiani ili kuchungulia. Lengo ni kumfikisha kwa daktari ndani ya saa mbili.

Majeruhi asivutwe mikono kutoka garini isipokuwa kuna moto, maji au hatari nyingine inayomkaribia. Aliyeumia mgongo au shingo husogezwa na watu wanne, kichwa, mabega, nyonga na miguu vikigeuka kwa pamoja kama gogo, kisha hufungwa kwenye machela. Kumkunja kwenye kiti cha nyuma au kumtupa juu ya bodi la pikapu kunaweza kukata uti wa mgongo ambao ajali yenyewe haikuukata. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua hulazwa ubavu ili matapishi yasimzibe, mwili ukigeuzwa wote kwa pamoja, na asipewe maji wala chakula. Askari mmoja huketi karibu naye akimtazama anavyopumua, naye dereva huendesha kwa utulivu: dakika kumi zilizookolewa kwa kurukaruka juu ya makorongo hulipwa kwa damu iliyoanza upya.

Mama mjamzito mwenye dharura ana njia yake. Mfumo wa taifa wa usafiri wa dharura wa m-mama hupigiwa simu bila malipo kwa namba 115. Difenda likilazimika kumbeba, alazwe ubavu wa kushoto ili mtoto asikandamize mshipa mkubwa wa damu.

Damu ndani ya gari

Askari huvaa glavu kabla ya kugusa damu ya mtu yeyote. Aliyejichoma au kurukiwa na damu machoni au kwenye kidonda huosha mara moja kwa maji mengi, kisha huenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya ajali huanza haraka iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72. Chanjo ya homa ya ini aina B inastahili kutolewa mapema, kabla ya tukio. Gari husafishwa kwa maji ya klorini ya asilimia 0.5, kisha huoshwa kwa maji safi ili vyuma visiliwe.

Fomu na makabidhiano

Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ni kumbukumbu muhimu ya kisheria, lakini damu haisubiri karatasi. Mtumishi wa afya huanza matibabu ya dharura na fomu hukamilishwa baadaye. Difenda linapomleta majeruhi, askari aliyekuja naye anaweza kuiandaa palepale wakati tiba ikiendelea.

Makabidhiano mazuri huchukua dakika moja: ajali ilikuwa ya namna gani, saa ngapi, majeraha gani yameonekana, torniketi ilifungwa saa ngapi, na fahamu zimebadilikaje njiani. Muuguzi anayempokea asikilize dakika hiyo kabla ya kumwondoa askari mlangoni.

Lipo tatizo dogo linaloharibu jitihada kubwa. Machela na blanketi hubaki hospitalini pamoja na mgonjwa, gari hurudi mikono mitupu, na majeruhi anayefuata hubebwa kwenye turubai. Wauguzi wa chumba cha dharura wanaweza kulimaliza kwa utaratibu wa kubadilishana: linapoingia blanketi moja, hutoka jingine safi, vivyo hivyo machela na shashi. Hospitali na kituo cha polisi vinaweza pia kukubaliana juu ya mafunzo mafupi mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Novemba na tena zinapomalizika, askari wakijizoeza kufunga torniketi na kubeba machela juu ya gari lao wenyewe.

Wananchi nao wana sehemu yao. Waliozunguka ajali wafungue njia, wazime sigara, waache simu za kupiga picha na washike machela wanapoelekezwa. Ndugu wa majeruhi wasimshinikize dereva aongeze mwendo, wala wasipande kumi nyuma ya gari; mmoja anayemfahamu mgonjwa, dawa anazotumia na maradhi aliyonayo anatosha, naye apewe mkanda kabla gari halijaondoka.