Hataza na Ndugu Zake: Ulinzi Upi Unadumu Zaidi?

Fundi wa Mtwara anayeunda mashine ya kubangua korosho, mtafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele anayezalisha mche mpya na mfanyabiashara anayefunga korosho kwenye pakiti zenye nembo yake, wote wana ulinzi wa sheria. Muda ndio unaotofautiana, na asiyeujua wake huporwa haki akitazama.

Mkongwe kuliko wote: miaka 10. Mwaka 1474 Venice ilitunga sheria ya hataza, ya kumlinda mvumbuzi asiigwe kwa miaka 10. Uingereza ikafuata mwaka 1624, ikatoa miaka 14.

Ulioenea kuliko wote: miaka 20. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 1995, uliweka miaka 20 kuwa kima cha chini cha hataza. Sheria ya hataza ya Tanzania ya 1987 iliufikia muda huo kwa mafungu: 10, kisha 5, kisha 5 tena. Miaka 20 ya TRIPS huhesabiwa tangu siku ya kuwasilisha ombi. Cheti kikichelewa miaka mitatu, umebakiwa na 17.

Mrefu kuliko wote shambani: miaka 25. Aina mpya za mimea hazipewi hataza. Zina sheria yake ya mwaka 2012. Mazao mengi hulindwa miaka 20, miti na mizabibu 25. Mkorosho ni mti, basi umo kwenye kundi la juu.

Mfupi kuliko wote: sifuri. Tuseme fundi amebuni kisu kinachopasua ganda bila kuvunja punje, na mafuta ya ganda hayamuunguzi mbanguaji vidole. Akikitangaza hadharani kabla ya kuomba hataza, anaweza kukuta upya wake umepotea. Ombi litangulie BRELA, wakala wa usajili, ndipo mashine iende Nanenane pale Ngongo, Lindi. Na akishapewa hataza, asiache kulipa ada ya kila mwaka, maana hataza isiyolipiwa hufa kabla ya siku zake.

Usio na ukomo: nembo. Tanzania Bara, alama ya biashara husajiliwa kwa miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10, hata karne nzima, mradi mwenyewe anailipia.

Subira iliyoishinda hataza: miaka 24. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ikaanza kuzalishwa 2006. Mtambo wowote ulioombewa hataza ya miaka 20 mwaka ule wa ugunduzi ulikuwa umeshakuwa mali ya umma kabla gesi hiyo haijawasha taa Mtwara.

Hapo ndipo penye faida ya wengi. Hataza humtaka mvumbuzi aeleze kazi yake kwa maandishi, na muda ukiisha, yeyote ana ruhusa ya kuyasoma maelezo hayo na kuunda bila kumlipa mtu. Vijana wa karakana za Mtwara wafundishwe kuzisoma hataza zilizokwisha kwa bidii ileile watakayotumia kulinda za kwao.